Namba Nzuri Mno za Nyumba ya Mama Zaituni

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu kwenye karatasi siwezi kuwasikia, na najua wapo kati yenu ambao wangejisahau.

Nasikia siku hizi kupima nyumba kunasomewa na mtu anapewa cheti. Hongereni. Wakati wetu hapakuwa na cheti. Mimi niliajiriwa kwa sababu mradi ulitaka mtu mwenye leseni ya pikipiki anayejua Kinyaturu, na aliyeomba kabla yangu alikuwa na leseni tu. Nikaifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Sasa nimestaafu, nakaa Singida mjini, upande wa Kindai, kwenye nyumba ya bati ambayo mchana huwezi kukaa ndani. Msiniulize kwa nini mtaalamu wa nyumba baridi anaishi kwenye tanuri. Niliijenga kabla sijajua kitu, na mke wangu ameshaniuliza vya kutosha.

Mradi wetu, ambao jina lake halina kazi tena kwa kuwa ulishafungwa, ulijenga nyumba zinazojipoza zenyewe. Hakuna feni, hakuna kiyoyozi. Ukuta mnene wa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, saruji kiduchu, hakuna tofali la kuchoma, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kulisha tanuri. Juu kuna dari nzito, halafu bati, na kati yake hewa inapita. Wakubwa waliziita nyumba za hewa ukaa kidogo. Siku ya kwanza mkutanoni mzee mmoja alimsikiliza mhandisi wetu dakika arobaini bila kukohoa, kisha akanyoosha mkono.

"Hii si tembe?"

Mhandisi akasema hapana mzee, hii ni teknolojia mpya.

"Sawa," mzee akasema. "Tembe mpya." Akaketi.

Tembe, kwa ninyi mliozaliwa chini ya bati, ni nyumba ya udongo ya bibi zetu, ukuta udongo na paa udongo. Tuliambiwa tuziache kwa kuwa ni ushamba. Tukaziacha. Halafu wakaja watu na projekta kutufundisha faida za ukuta mnene. Mimi nilikuwa nabeba projekta.

Kazi yangu haikuwa kujenga. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuona kama ni kweli. Kwenye mahesabu kila nyumba ni baridi. Mahesabu hayana watoto, hayapiki, hayaachi mlango wazi yakienda kuteka maji. Mimi nilibeba vidude vyeupe, vidogo vya kuingia kwenye kiganja, ambavyo vinajiandikia joto vyenyewe kila saa, mchana na usiku. Unakitundika ukutani, unaondoka, unarudi baada ya mwezi, unakichomeka kwenye kompyuta, kinakutolea mstari. Mstari ukipanda, nyumba imepata joto. Ukishuka, imepoa. Hamna uchawi.

Uchawi uko kwenye kujua pa kukitundika. Usikiweke kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Usikiweke nyuma ya televisheni. Kiwe kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, kwa sababu tunampima mtu, hatupimi popo. Haya nayajua kwa kukosea. Nyumba yangu ya kwanza kabisa nilikuta msumari tayari uko ukutani, nikashukuru, nikatundika. Ule msumari ulikuwa wa kuning'iniza kawa la kufunikia chakula, na chini yake mama wa nyumba anaweka jiko la mkaa mvua ikinyesha. Wiki mbili nzima nilipima ugali. Niliandika ripoti kwamba nyumba ina tatizo saa saba mchana na saa mbili usiku.

Aliyenitoa ushamba alikuwa Mzee Kitundu. Huyu alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo maisha yake yote, mradi ukamchukua atufundishe vipimo kwa sababu mtu aliyelinda chanjo miaka thelathini anajua joto kuliko mtu aliyelisoma. Hakuwa msemaji. Akifika kwenye nyumba, kabla ya salamu kwisha alishaweka kiganja ukutani. Alikuwa ananiambia, "Njiku, namba mbaya ikague mara moja, hiyo kwa kawaida ni ya kweli. Namba nzuri ikague mara mbili. Namba nzuri sana, panda pikipiki."

Niliona ni maneno ya mtu aliyekaa sana na majokofu.

Ngoja niwape na ya mwalimu, ili mjue kwamba hata kipimo sahihi kinaweza kukushangaza. Mwalimu mmoja wa Ihanja alipewa nyumba yetu, na tukaweka mita tuone anatumia umeme kiasi gani. Mahesabu yalisema kidogo sana, taa tatu na redio. Mwezi wa kwanza kweli, kidogo sana. Mwezi wa tatu uniti zikaruka hadi nikadhani mita imeharibika. Nikaenda. Sebuleni nikakuta friza refu, jipya, na foleni ya watoto wenye vikombe.

"Mwalimu, hii nini?"

"Barafu, mzee. Nyumba yenu ni baridi, friza linafanya kazi kidogo. Kwenye nyumba ya zamani lingekula umeme mpaka niuze baiskeli. Mmenifungulia biashara."

Nyumba ilikuwa imepunguza matumizi ya umeme vizuri sana mpaka mwenyewe akapata ujasiri wa kuyaongeza. Ofisini walitaka niandike kwamba nyumba imeshindwa. Nikaandika kwamba nyumba ni nzima, mwenye nyumba ndiye amechangamka. Ile barafu nilikunywa vikombe viwili, ya ubuyu.

Sasa nije kwa Mama Zaituni, ambaye ndiye hasa amenifanya nishike kalamu.

Mama Zaituni alikuwa mjane wa makamo, kijiji kimoja ndani ndani nyuma ya Ihanja, analima alizeti na mtama. Zahanati ya kijiji chake ilikuwa na chumba cha kusubiria wajawazito. Mwanamke wa mbali akikaribia siku zake anakuja kulala pale, ili uchungu umkute jirani na nesi. Wazo zuri. Chumba chenyewe kilikuwa na paa la chini la bati tupu bila dari, dirisha moja linatazama magharibi. Kuanzia mwezi wa kumi, jua la Singida likiwa halina mzaha, kile chumba kilikuwa kinawaka.

Mama Zaituni alikuwa na binti, Zaituni, na Zaituni alipoolewa kijiji cha mbali na kushika mimba ya kwanza, akapelekwa kwenye kile chumba. Alikaa siku nne. Siku zote nne hakulala, kwa joto. Siku ya tano, asubuhi, akafunga kitenge chake akasema naenda kwa mama, kule ng'ambo ya mbuga, nikalale usingizi mmoja tu, nitarudi. Uchungu ulimkuta njiani, mbugani, peke yake. Yeye alipona. Mtoto hakuishi.

Kwa hiyo mradi ulipokuja kutafuta watu wa kujengewa nyumba za mfano, na nesi wa zahanati, Sista Paskalina, akatangaza kwamba zikifanya vizuri kamati ya wilaya itajenga nyumba mpya ya wajawazito kwa mtindo huohuo, Mama Zaituni alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Watu walimcheka kwamba anarudi kwenye tembe. Akawaambia, "Nitarudi hata pangoni." Hakuwa na mzaha na jambo hilo, na mimi nilijua. Bidii yote aliyokuwa nayo na ule ukuta ilikuwa kwa ajili ya bintiye na wanawake wengine ambao bado hawajafika zamu yao.

Nyumba ikaisha mwezi wa pili. Mwezi wa tatu nikaenda kuweka vidude. Cha sebuleni nilitundika mwenyewe. Cha chumbani ndicho chenye maana, kwa sababu tulitaka kujua mtu analalaje, na hapo ndipo palipo na ugumu ambao kwenye vitabu vyenu haupo. Mwanaume mgeni haingii chumba cha kulala cha mjane. Haingii hata akiwa na barua ya mkurugenzi. Mimi ni Mnyaturu, nimelelewa, nisingethubutu hata kuchungulia. Nikasimama sebuleni, nikampa kidude mkononi na msumari na nyundo, nikamweleza pa kukitundika.

Na nikaongeza hotuba. Nilimwambia, "Mama Zaituni, kitu hiki kimetoka ulaya. Kikivunjika hakuna kingine. Kikiingia maji kimekufa. Wajukuu wasikiguse. Hiki ndicho kitakachoamua ile nyumba ya wajawazito." Nilisema hivyo labda dakika kumi, naipenda sauti yangu. Kuhusu kile kitu kinafanya nini pale ukutani, nilisema neno moja: kinaandika. Akaitikia kwa kichwa, akakipokea kwa mikono miwili.

Miezi saba nikawa nakwenda. Kila mara, kwa adabu, nampigia simu jana yake. Nikifika anaingia chumbani, ananiletea kidude, nakichomeka kwenye kompyuta, namrudishia. Na namba zake, vijana wangu! Sijapata kuona. Nyumba nyingine zilikuwa zinapanda mchana na kushuka usiku, vilima vilima. Ya Mama Zaituni ilikuwa mstari. Mchana nyuzi ishirini na nne, usiku nyuzi ishirini na nne, mvua, jua, upepo, ishirini na nne. Sebuleni kulikuwa na vilima kama kawaida. Chumbani, kimya.

Ofisini walifurahi mpaka wakauchapa ule mstari kwenye karatasi kubwa, wakautia plastiki, wakaubandika mlangoni. Meneja alikuwa anawapitisha wageni hapo. Mimi nilipewa fulana yenye picha ya nyumba. Nikaambiwa mwezi wa kumi na moja kamati ya wilaya inakaa kuamua habari ya nyumba ya wajawazito, na ule mstari ndio utakaosimama mbele yao, na mimi pembeni yake.

Palikuwa na kitu kimoja kidogo. Kila siku niliyokwenda, mstari ulipanda kidogo, nyuzi mbili tatu, kisha ukarudi. Nililiona hilo. Kwenye ripoti nikaeleza kwamba ni joto la mgeni. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, na sentensi ilikuwa na maneno ya kitaalamu.

Mwisho wa mwezi wa tisa Mzee Kitundu alipita ofisini. Alikuwa amestaafu, alikuja kuchukua barua. Akasimama mbele ya ule mstari wenye plastiki muda mrefu.

"Njiku, hili ni jokofu au nyumba?"

"Nyumba, mzee. Ya Mama Zaituni."

"Ina watu?"

"Yeye na wajukuu watatu."

"Wanapumua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole kwenye kile kilima kidogo.

"Na hiki?"

"Hapo nilikwenda mimi. Joto la mgeni."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Una joto sana wewe." Akachukua barua yake akaondoka.

Nilipanda pikipiki siku ileile. Sikupiga simu. Nilimkuta Mama Zaituni uani anapepeta alizeti, akashtuka, akaanza kujifuta mikono. "Fundi! Mbona hukutoa taarifa?" Nikasema nilikuwa napita tu, naomba kile kidude nikitazame. Akasema nisubiri kidogo, nikae, nipate maji kwanza. Nikasema maji baadaye, mama. Akaingia chumbani. Mimi nikasimama sebuleni nikitazama ukuta.

Nikasikia kufuli. Nikasikia mfuniko wa sanduku la bati.

Akatoka na kidude kimefungwa kwenye khanga, na khanga ndani ya mfuko, na mfuko unanukia sabuni ya kuogea, ile ambayo akina mama wanaiweka katikati ya nguo nzuri. Akaufungua taratibu, akanionyesha. "Hakina hata mkwaruzo," akasema. Alikuwa anajivunia. Miezi saba kile kidude kilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku, katikati ya nguo zake za harusi na za msiba, mahali salama kuliko pote katika nyumba ile. Jana yake nikipiga simu, anakitoa na kukitundika, nisije nikadhani hakithamini. Kile kilima kidogo hakikuwa joto langu.

Tulikuwa na namba nzuri za sanduku.

Nilikasirika, nikiri. Mdomo ulishafunguka. Lakini alinitazama usoni akaona jambo, akauliza polepole, "Nimekosea?" Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kile kitu kinafanya nini. Kwamba kinasikia hewa. Kwamba kilitakiwa kikae kinapokaa kichwa chake usiku, kipate joto analopata yeye. Akaketi kwenye kizingiti. Akasema, "Basi nimewaharibia. Watajenga chumba kilekile." Akaanza kulia, bila sauti, alizeti bado imemganda mikononi.

Nikamwambia si wewe, mama. Mimi ndiye niliyekaa hapa dakika kumi nikikueleza kitavunjikaje, nisikueleze kinafanyaje kazi. Ilikuwa kweli, na kuisema haikunisaidia kitu.

Msidhani nilikwenda moja kwa moja ofisini kukiri. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilijiuliza: nikisema, kamati itasema nyumba za udongo ni utapeli, watamwaga zege na bati kama kawaida, wanawake wataungua. Nikinyamaza, nyumba itajengwa, na labda itakuwa baridi, labda haitakuwa, hakuna anayejua, kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kujua. Siku ya nne nikamweleza meneja. Alifunga mlango, ule wenye mstari. Akasema, "Njiku, si tungesubiri mpaka kamati ipite?" Nikasema hapana. Akasema basi kamati tutaieleza nini, wakati wiki sita tu zimebaki. Nikasema wiki sita ndizo zenye joto kuliko zote, zinatosha.

Nilirudi kwa Mama Zaituni nikakuta ameshapigilia msumari. Amepima kwa kamba kutoka kwenye mto wake, kimo cha kichwa. Safari hii nilimfundisha kusoma namba kwenye kioo kidogo cha kile kidude, na akanunua daftari.

Namba za kweli zikaanza kuja, na hazikuwa nzuri. Mchana nyuzi thelathini na moja. Jioni thelathini na mbili, na usiku haushuki. Afadhali kuliko kwa jirani mwenye bati, lakini si kitu cha kutia plastiki. Nilikaa na zile karatasi nikiona kazi yangu inakwisha. Mama Zaituni ndiye aliyeniuliza, "Fundi, kwani ukuta unapata wapi joto?"

"Mchana. Madirisha yakiwa wazi hewa ya moto inaingia, ukuta unainywa."

"Na usiku?"

"Usiku unairudisha ndani, madirisha yakifungwa."

Akanitazama kama mtu anayemwangalia mtoto. Kijiji kizima, pamoja na yeye, pamoja na mimi nyumbani kwangu, tunafungua madirisha asubuhi nyumba ipate hewa, na tunayafunga kabla ya magharibi. Tunafunga kwa ajili ya mbu, wezi, na sababu nyingine ambazo sitaziandika. Mhandisi wetu alikuwa amechora kinyume, madirisha yafungwe mchana na kufunguliwa usiku, na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba. Aliona ni jambo linalojulikana. Kwao labda linajulikana.

Ukifungua dirisha usiku kijijini, umewakaribisha wote. Mama Zaituni alimwita fundi wa kuchomelea kutoka Ihanja, akaweka nondo, akagongomea wavu wa mbu juu yake kwa vipande vya mpira. Mchana akawa anafunga nyumba gizagiza, wajukuu wanalalamika. Wanakijiji wakasema sasa amechanganyikiwa kabisa, mchana analala, usiku anaacha wazi. Yeye akawa anaandika kwenye daftari: saa ngapi amefunga, saa ngapi amefungua, kidude kinasemaje. Wiki ya pili mchana ukashuka hadi ishirini na nane. Usiku, kuelekea alfajiri, ukafika ishirini na mbili, chini hata ya lile sanduku. Sasa mstari ulikuwa na vilima, na kila kilima nilijua kimetoka wapi. Mzee Kitundu nilimpelekea nyumbani kwake. Alitazama, akasema, "Hii ina watu." Nadhani ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Kamati ilikaa kijijini, kwenye darasa la shule ya msingi, mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana. Nilisimama nikatoa ule mstari wa plastiki nikaueleza ulivyopatikana, wote. Sehemu ya joto la mgeni walicheka sana. Kisha mwenyekiti wa kamati, mtu mzima, mpole, akaacha kucheka akasema, "Sasa bwana, ulituletea namba za uongo miezi saba. Hizi za leo tutaziaminije?"

Kweli, angeziaminije.

Mama Zaituni alisimama kutoka nyuma, bila kuitwa. Akaomba radhi kwa kusimama. Akasema, "Aliyekificha ni mimi. Nilidhani nakilinda." Kisha akafungua daftari lake. "Juzi nilikitoa chumbani kwangu. Fundi alinikataza kukisogeza, lakini nilikisogeza. Nilikwenda nacho kwenye chumba cha wajawazito, Sista Paskalina shahidi. Nilikaa pale kitandani alipolala mwanangu, kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Kilisema thelathini na tisa. Nikarudi nacho nyumbani, kikasema ishirini na tisa. Siijui hesabu yenu. Nilikalia kile kitanda saa mbili nzima, mimi mtu mzima, sina mimba, na nilitaka kukimbia."

Mwenyekiti akauliza kile chumba kiko mbali kiasi gani. Sista Paskalina akasema ni pale ng'ambo ya uwanja. Wakaenda wote, kamati nzima, saa tisa ya mwezi wa kumi na moja, wakaingia, wakafunga mlango. Mimi nilibaki nje. Hawakufikisha dakika kumi ndani.

Nyumba ilijengwa. Ukuta mnene, dari nzito, na juu ya kila kitanda, chini ya dari, tundu refu la kutolea joto, lenye nondo na wavu, ambalo halina mlango wa kufunga, ili pasiwe na mtu wa kukumbuka wala kusahau. Tundu hilo halikuwa kwenye mchoro wa mhandisi. Limetoka kwenye daftari la Mama Zaituni.

Sasa nawaambia ninyi mnaoanza. Mtajifunza mashine nzuri kuliko zetu, nasikia siku hizi zinatuma namba zenyewe kwa simu, huhitaji hata kwenda. Nendeni. Nendeni bila taarifa mara mojamoja, lakini pigeni hodi. Mkimpa mtu kifaa, mwelezeni kinafanya nini kabla ya kumweleza kinavunjikaje. Na mkiona namba isiyotikisika, ulizeni kama wanapumua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja tena, nilikwenda kuchukua vipimo vya nyumba ile mpya. Pale siingii, ni chumba cha wanawake, kwa hiyo nilisimama nje chini ya dirisha na fomu yangu. Ofisi ilikuwa imeongeza ukurasa wa maswali kwa wanaolala humo: joto la usiku ulionaje, toa namba, moja hadi tano. Sista Paskalina akaniambia aliyemo kwa sasa ni mmoja tu, Zaituni, wiki ya tatu hii tangu aje, mimba ya pili.

Nikapiga hodi. Baada ya muda akaja dirishani, uso umevimba kidogo, alama za mkeka shavuni, khanga begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kukusumbua. Nina swali moja la ofisi. Usiku wa jana, joto lilikuwaje?"

Akafikiri. Akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Usiku sijui, mzee," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Nilikwenda nyuma ya pikipiki nikalia kidogo. Kisha nikaandika hayo maneno kwenye fomu, pale palipotakiwa namba. Wiki iliyofuata fomu ikarudi kutoka ofisini na wino mwekundu: sehemu hii haijajazwa. Niliirudisha ilivyo.